Mahari Iko na Dirisha

Uvumi ulimkuta Nasambu kibandani kwake Matisi, mtaa wa Kitale, kisu mkononi, akimkatia mteja sukuma wiki. Aliyeuleta ni Mama Ian, muuza ndizi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ametoka kununua ndizi Myanga, Bungoma.

"Mama Delick," alisema akitua kikapu chake. "Kumbe kuna halusi na hutuambii?"

"Harusi ya nani? Derrick yuko Nakuru, na hata mchumba hana."

"Si Delick bana. Ni Nekesa! Yule Roselyne wa poshomili, dada ya Mukhisa, nimemsikia kwa haya masikio yangu. Ati mahari iko tayari. Ati ni Nekesa tu wanangoja."

Kisu cha Nasambu kilisimama katikati ya jani.

Nekesa alikuwa binti yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Utotoni alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, akachelewa kusema. Shuleni walimweka dawati la nyuma na kumsahau huko. Daktari alisema ana ulemavu wa akili. Majirani walisema yao. Alipokuwa mtu mzima, alipata nafasi katika karakana moja mjini Kitale inayofundisha watu kama yeye. Alijifunza kufua, kudeki na kuosha vyombo. Hapo ndipo alipojuana na Mukhisa wa Myanga, ambaye pia akili yake huenda polepole. Sasa Mukhisa alikuwa amerudi kwao. Alishona midomo ya magunia kwenye poshomili ya dada yake, mashine ya kusagia mahindi, na mshono wake haukufumuka. Nekesa naye aliosha sufuria kwenye hoteli ya Gikonyo. Kila jioni walipigiana simu, wakacheka. Nasambu aliwasikia na kusema moyoni, watoto hawa wanacheza.

Lakini mahari si mchezo. Na mahari hutolewa kwa mtu. Baba yake Nekesa alishafariki. Nasambu mwenyewe hajaona hata kuku. Basi nani mwingine? Ni shemeji yake tu, Khaemba wa Kabuchai, mdogo wa marehemu.

"Amekula ng'ombe za mtoto wangu," Nasambu alijiambia. Alimpa mteja sukuma ambayo hajamaliza kukata, akafunga kibanda.

Maneno hayo hayakumtoka tena. Alikuwa akipepeta mchele, anayasikia. Alikuwa kanisani, anayasikia. Mwenye duka la jirani aliposema, "Mama Derrick, hongera, nasikia ng'ombe wamefika Kabuchai," alitaka kumrushia nyanya.

Jioni ya siku hiyo ya hongera alimkalisha Nekesa kwenye kiti.

"Nekesa, niambie ukweli. Mambo ya mahari unayajua?"

Uso wa Nekesa uling'aa. "Ndio, Mama! Mahari iko. Mukhisa alinionyesha kwa simu. Mahari yetu iko na dirisha."

"Iko na nini?"

"Dirisha. Kubwa."

Nasambu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mahari iko na dirisha! Mungu wangu. Mtoto hata hajui mahari ni nini, na watu wanataka kumwoa!"

"Lakini Mama, mlango pia..."

"Nyamaza! Usiniongezee."

Akamnyang'anya simu. Akachukua na kitambulisho chake cha taifa, asije akapelekwa mahali akatia sahihi. Akamwambia Gikonyo kwamba Nekesa ni mgonjwa, haji kazini.

"Mimi si mgonjwa," Nekesa alisema. "Na mimi si mtoto. Niko na kitambulisho."

"Ulikuwa nacho."

Kesho yake Nasambu alikwenda Kabuchai. Alimkuta Khaemba uani na majirani zake, wamezunguka rundo la mahindi, wanapukuchua. Nasambu hakusalimu. Hakukaa.

"Khaemba! Toa ng'ombe za mtoto wangu!"

Watu waliacha mahindi. Khaemba alisimama polepole, punje zikamdondoka mapajani.

"Mulamwa," alisema, akimwita kama Wabukusu wanavyomwita shemeji. "Hata salamu?"

"Salamu utapata ukileta ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Tazama hii boma. Iko mbuzi moja, na hiyo mbuzi ni ya kanisa. Kama nimekula mahari, basi nimekula na kwato, maana hata ngozi huioni."

Majirani walicheka. Nasambu hakucheka. "Myanga yote wanasema mahari iko tayari!"

"Myanga wanasema. Na Nekesa mwenyewe anasema aje?"

"Nekesa atajua nini?"

Khaemba alijikung'uta makapi. "Hiyo ndiyo imenichosha na wewe. Mwenye mambo hujamuuliza vizuri. Mimi, umenihukumu mbele ya watu. Sasa sikiliza. Sitakanyaga kwako Matisi mpaka uje hapa na jogoo, useme ulikosa."

"Jogoo? Utangoja!"

Nasambu alirudi Kitale na hasira yake yote. Hakuacha hata chembe yake njiani.

Nyumbani alimkuta Nekesa amevaa aproni yake ya kazi. Amekaa ameutazama ukuta. Chakula alichoachiwa kilikuwa vilevile. Kesho yake ikawa hivyo. Siku iliyofuata ikawa hivyo. Alikunywa chai kidogo, basi. Nasambu alibembeleza, akakemea, akabembeleza tena. Kama angekuwa analia ingekuwa afadhali. Nasambu alianza kuogopa kwamba binti yake angezimika pale pale kwenye kiti, na aproni yake.

Ndipo alipokuja Chelagat.

Chelagat alikuwa jirani, na pia mhudumu wa afya ya jamii. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba za Matisi, kuuliza nani anaumwa, nani ana mimba, mtoto gani hajachanjwa. Kwao ni Mlima Elgon. Alikuwa mwema, lakini uvumilivu wake ulikuwa mfupi.

"Nekesa, sasa? Mbona huko kazini?"

"Ni mgonjwa," Nasambu alijibu.

"Sijakuuliza wewe, Mama Derrick. Nekesa, unaumwa?"

"Hataki kula, lakini homa hana..."

"Mama Derrick!" Chelagat aliweka mfuko wake chini. "Huyu ana mdomo. Kila siku nikimuuliza, unajibu wewe. Nikimsalimia, unajibu wewe. Siku moja nitamkanyaga mguu, nisikie ni nani atapiga kelele."

Nekesa alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Haya, Nekesa. Sema mwenyewe. Nangoja."

Ilichukua muda. Nasambu alifungua mdomo, Chelagat akamtolea jicho, akaufunga.

"Mama amechukua simu," Nekesa alisema mwishowe. "Na kitambulisho. Iko kwa unga."

"Kwa unga?"

Nasambu alitazama dari. Chelagat alienda kwenye mkebe wa unga wa mahindi, akatia mkono, akatoa kitambulisho cheupe kama maandazi yanayosubiri mafuta. Alikipangusa kwa leso, akampa mwenyewe.

"Hiki ni chake. Ni kosa kumfichia mtu mzima kitambulisho. Sasa, niambieni chanzo."

"Chanzo ni mahari!" Nasambu alilipuka. "Wamekubaliana huko Myanga bila mimi. Na ukimuuliza huyu, anakuambia mahari iko na dirisha! Sasa mtu kama huyo aolewe?"

Chelagat alikunja uso. Aligeuka. "Nekesa, sielewi hiyo mahari yenu. Nionyeshe."

Nekesa alisimama. Alikwenda mlangoni.

"Hapa mlango," alisema. Akapiga hatua. "Hapa kitanda. Hapa nguo. Jiko si ndani, ni nje, moshi wa makaa inaua mtu. Na hapa," alinyoosha mikono yote miwili, "hapa dirisha. Haikuwako. Mukhisa ametoboa ukuta na fundi. Mimi sipendi giza."



"Mama Derrick," Chelagat alisema taratibu. "Mtu hulala ndani ya mahari?"

"Si ndiyo nakuambia hajui..."

"Anajua sana. Wewe ndiye hujasikia. Anasema ma-ha-li. Mahali! Wamepata mahali pa kukaa. Chumba! Kwenu Bungoma l na r zinabadilishana viti, na wewe umezaliwa huko, unajua. Wewe mwenyewe ukichoka unaniambia karibu chakura."

Nasambu alikaa. Alimkumbuka Mama Ian na 'Mama Delick' wake. Akakumbuka rundo la mahindi, na watu waliolizunguka, na mbuzi wa kanisa.

"Nimeenda mpaka Kabuchai," alisema kwa sauti ndogo.

"Umeenda Kabuchai kuuliza kitu ambacho kiko hapa kwenye kiti chako."

"Nilisema," Nekesa alisema. Alikuwa amekasirika sasa. "Nilisema dirisha. Nilisema mlango. Mama akasema nyamaza."

Nasambu aliitikia kwa kichwa. Lakini alikuwa na hofu, na hofu haikwisha kwa sababu ya herufi moja.

"Sawa, ni mahali," alisema. "Lakini kuolewa, Chelagat! Akipika akaungua? Akidanganywa na watu? Akipata mtoto? Mimi nilikuwa nimepanga kumpeleka zahanati achomwe sindano ya kuzuia mimba. Ningemwambia ni ya malaria."

Chelagat aliruka kama aliyekalia sindano hiyo. "Usithubutu! Mwili ni wake. Kumchoma dawa kwa uongo ni kumdhulumu. Akitaka kupanga uzazi, muuguzi atamweleza kwa maneno mepesi na kwa picha, yeye na Mukhisa, na watachagua wao. Unanisikia?"

"Nasikia. Usinipigie kelele kwangu."

"Nitapiga. Ndoa ni ya watu wazima wanaokubali. Katiba inasema mtu mzima anaoa au kuolewa kwa hiari yake. Haikusema isipokuwa yule anayeelewa polepole. Lakini lazima aelewe anachokubali, na akubali mwenyewe, bila kusukumwa. Si wewe, si mimi, si Mukhisa. Kwa hiyo atulizwe, aelezwe, aulizwe akiwa peke yake, na aulizwe tena siku nyingine. Akisema hapana, ni hapana. Akisema ndio, kazi yetu ni kumsaidia, si kumfungia."

"Na jiko?"

"Jiko linafundishwa. Ulizaliwa ukijua kuwasha jiko wewe?"

Nasambu alitaka kusema ndio, kwa ubishi tu.

Wakaanza. Chelagat alieleza njia yake. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwanza fanyeni pamoja. Halafu Nekesa afanye, mama akae atazame. Halafu afanye, mama akiwa nje.

Nekesa alishika upesi. Nasambu ndiye aliyeshindwa. Nekesa akishika mwiko, mkono wa mama ulishaufikia. Nekesa akipuliza makaa, mama alishapuliza yote.

"Kalia mikono!" Chelagat alimfokea. "Ndiyo. Iweke chini ya mapaja uikalie."

Nasambu alikalia mikono yake kwenye kiti chake mwenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akatazama ugali unaungua. Waliula vivyo hivyo. Ugali wa pili ulikuwa mbichi katikati. Wa baadaye ulikuwa ugali. Ikawa mama akinyanyuka tu, Nekesa anasema bila kugeuka, "Mama. Mikono."

Walimfundisha pia mambo ya usalama. Jiko la makaa halilali ndani. Mlango unafungwa kwa komeo. Mtu akikushika usivyotaka, sema hapana kwa sauti, toka, mwambie mtu. Simu yake ikarudishwa, ikiwa na majina ya watu wa kupigia: mama, Roselyne, Chelagat. Alirudi kwa Gikonyo kuosha sufuria, na Gikonyo alisema sufuria zilikuwa zimemkosa kuliko wateja.

Halafu walikwenda Myanga kukitazama chumba. Kilikuwa nyuma ya poshomili, na mashine ilinguruma mpaka mabati yakatetemeka. Nasambu alitafuta kasoro. Alikagua paa. Alikagua choo. Akampata Roselyne anajipangusa unga usoni.

"Mama, karibu," Roselyne alisema. "Mimi nakaa mlango huu hapa. Si kwamba nitawapikia. Nitakuwa karibu tu. Ndugu yangu si mtoto, lakini hata mimi nina jirani ninayemwomba chumvi."

"Na ukisema mahali iko tayari, siku nyingine sema chumba," Nasambu alimwambia.

Mukhisa alikuwa ameweka sindano yake ya magunia sikioni kama fundi na penseli. Nasambu alimuuliza mambo mengi, yote kwa mkupuo.

"Mama, moja moja," Mukhisa alisema. "Ukileta yote, yanamwagika."

Nasambu alivuta pumzi. "Kwa nini dirisha kubwa hivi? Mwizi je?"

Mukhisa alifikiri. "Mwizi, nimeweka chuma. Giza, siwezi kuweka chuma. Nekesa haipendi."

Kwenye zahanati, muuguzi aliwaeleza Nekesa na Mukhisa juu ya uzazi kwa picha, mara mbili, taratibu. Nasambu na Roselyne waliambiwa wangoje nje. Walipotoka, Nekesa alisema wamechagua kungoja kwanza. "Tuanze na kuku," Mukhisa aliongeza. "Tuone kama watanenepa."

Mchungaji wa kanisa lao naye alimwita kila mmoja peke yake. Alimuuliza Nekesa ndoa ni nini. Nekesa alisema ni kukaa na mtu mmoja, kumwambia ukweli, na kumfulia naye akikufulia. Mchungaji alisema kuna watu aliowafungisha ndoa na magari ya kifahari nje ambao hawakumjibu vizuri hivyo.

Ikabaki Kabuchai. Nasambu alizunguka na jambo hilo, akalikwepa, mwishowe akanunua jogoo mwekundu, akambeba mwenyewe kwapani. Khaemba alimpokea jogoo, akampima uzito kwa mkono.

"Mulamwa, huyu amekonda."

"Amekonda kwa aibu yangu. Nilikukosea."

Basi Khaemba akacheka, na siku ya mazungumzo alikuja Matisi na koti lake zuri. Wageni kutoka Myanga walikaa upande wao. Khaemba alisimama. "Leo tuseme polepole," alitangaza, "ulimi usituangushe tena. Mahali ni ile iko na dirisha. Ya leo ni mahari." Mama Ian, aliyekuwa mlangoni na trei ya ndizi, alicheka mpaka akaiweka chini.

Kisha Khaemba akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa binti yeyote mwingine wa ukoo. Alimwita Nekesa katikati, akawaomba wote wanyamaze.

"Mwanangu. Unamtaka Mukhisa? Ukisema hapana, hawa wanakula wanaenda. Hakuna atakayekugombeza."

"Nimesema kwa Chelagat. Nimesema kwa mchungaji. Nimesema kwa Mama," Nekesa alisema, amechoka nao wote. "Ndio! Sasa si tule?"

Walioana kabla ya msimu wa kupanda, Nekesa akaziaga sufuria za Gikonyo, akahamia Myanga.

Si kwamba shida ziliisha. Mara moja Nekesa aliunguza sufuria mpya. Mara moja mtu wa kuuza blanketi alitaka kumpa mbovu kwa bei ya nzuri. Nekesa alimwambia angoje, akamwita Roselyne, na yule mtu hakungoja. Kuku wawili walikufa. Waliobaki wananenepa.

Juzi Nasambu alikwenda kuwatembelea na mboga zake. Dirisha lilikuwa na pazia la samawati. Alisukuma mlango kama anavyosukuma wake. Ulikuwa umefungwa kwa komeo.

"Nani?"

"Ni mimi. Mama yako."

"Ngoja. Navaa."

Nasambu alisimama nje. Mashine ilinguruma. Mkono wake uliinuka kugonga tena, akauona, akaushusha. Alikaa juu ya gunia, akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja. Mukhisa alikuwa pale anashona. Alimtazama.

"Mama, umekalia mikono?"

"Nimeikalia, mwanangu."

Komeo likavutwa. Nekesa alitokea na leso mpya kiunoni. "Karibu kwangu," alisema. "Vua viatu, nimedeki."

Wewe mwenye mtoto mtu mzima kama Nekesa, epuka haya:

Usimjibie akiulizwa. Ngoja, hata kama ni muda mrefu.

Usiseme "hajui anachosema" kabla ya kumwambia akuonyeshe.

Usifiche kitambulisho chake, wala simu yake, wala nguo zake za kazi.

Usimchome dawa ya kuzuia mimba kwa uongo. Hata kwa hofu.

Usimwozeshe bila kumuuliza, na usimkataze bila kumuuliza. Yote mawili ni kosa lilelile.

Usimfanyie kila kitu, halafu useme hawezi.

Usibebe uvumi wa sokoni mpaka kwa shemeji. Utarudi na deni la jogoo.

Usiingie kwake bila kubisha. Na ukiambiwa ngoja, ngoja.